Kutia rangi vipokezi ndani ya seli kwa saitometria ya mtiririko: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo na kulitatua

Western blot (kipimo cha protini kutoka kwa seli zilizopasuliwa) imekionyesha kipokezi, mRNA yake imepatikana, lakini saitomita, mashine inayopima mng'ao wa kila seli, inatoa histogramu inayolala juu ya ile ya seli zisizotiwa rangi. Au inatokea kinyume: seli zote zinang'aa, pamoja na zile ambazo hazina kipokezi hicho hata chembe. Watu wengi wakifika hapo huanza kubadilisha kila kitu kwa pamoja, yaani kingamwili zaidi, muda mrefu zaidi, bafa mpya. Matokeo yakibadilika, hawajui kilichoyabadilisha.

Ninashauri njia nyingine. Kabla hujagusa kemikali yoyote, jua epitopi ya kingamwili yako, yaani sehemu ya protini inayoshikwa nayo, imekaa upande gani wa utando gani. Ukishalijua hilo, nusu ya maamuzi yanayofuata yanajileta yenyewe.

Epitopi imekaa wapi?

Chukua kipokezi cha familia ya GPCR (vipokezi vya utando vinavyofanya kazi na protini za G), kama CXCR4. Kikiwa juu ya seli, mkia wake wa N (mwanzo wa protini) uko nje na mkia wa C (mwisho wake) uko kwenye saitoplazimu. Kikimezwa, utando unajikunja kuelekea ndani na kuwa endosomu. Mkia wa N sasa uko ndani ya kifuko hicho, na mkia wa C bado umeelekea saitoplazimu. Kwa hiyo kingamwili inayotambua mkia wa N lazima ivuke tando mbili, ule wa seli na ule wa endosomu. Inayotambua mkia wa C inavuka mmoja tu, ila haitaona chochote kwenye seli ambayo haijatobolewa, yaani utando wake haujafunguliwa kwa kemikali.

TLR9, kipokezi cha kinga, ni mfano mwingine mzuri. Sehemu yake inayonasa DNA iko ndani ya endosomu, kwa hiyo kutoboa utando wa seli peke yake hakutoshi. CTLA-4, kipokezi cha seli T, inapatikana zaidi ndani ya seli, na ile inayofika juu humezwa upesi. Ukipima juu tu, utadhani seli karibu hazina. Vipokezi vya homoni za steroidi vina tabia yake pia. Kipokezi cha glukokotikoidi hukaa zaidi kwenye saitoplazimu homoni isipokuwepo, kisha huhamia kwenye kiini homoni ikifika. Cha estrojeni hupatikana zaidi kwenye kiini. Hapo unahitaji bafa inayofungua mpaka utando wa kiini.

Soma karatasi ya kingamwili ukiwa na maswali haya. Ilitengenezwa kwa kutumia kipande gani cha protini? Inatambua protini iliyokunjika katika umbo lake la asili, au iliyofunguka kama kwenye western blot? Imejaribiwa kwenye seli zilizokazwa (protini zake zimefungwa mahali pake) kwa formaldehaidi, au kwenye seli hai tu? Ni kloni moja (kingamwili zote zinafanana) au ni ya polikloni (mchanganyiko)? Kingamwili iliyojaribiwa kwa western blot pekee mara nyingi inatafuta mfuatano uliofichika katika protini iliyokunjika. Hiyo inaweza kukataa kabisa kwenye saponini na kufanya kazi baada ya methanoli, kwa sababu methanoli hukunjua protini kwa kiasi fulani.

Kwa GPCR ongeza tahadhari. Imeonyeshwa zaidi ya mara moja kwamba kingamwili za vipokezi hivi zilizokuwa zikiuzwa zilitia rangi hata tishu za panya walioondolewa jeni yenyewe. Maandishi ya muuzaji hayatoshi kuwa ushahidi.

Itifaki ya kuanzia

Hii ndiyo ninayoipendekeza kama msingi. Ifuate kama ilivyo kwanza, kisha badilisha jambo moja moja.

1. Andaa seli milioni 0.5 hadi 1 kwa kila tyubu, ndani ya mikrolita 100. Kama seli zinashikamana na chombo, zitoe kwa EDTA au kimeng'enya laini. Tripsini hukata sehemu za nje za vipokezi vingi, na epitopi iliyokatwa hairudi mpaka seli itengeneze protini mpya. Weka seli kwenye barafu ili vipokezi visiendelee kumezwa. Ukitumia azidi ya sodiamu (0.05 hadi 0.1%) unazuia zaidi.

2. Tia rangi ya kubaini seli zilizokufa, ile inayofunga kwenye amini na kustahimili kukazwa. Itie kwenye PBS (bafa ya chumvi na fosfeti) isiyo na protini, kwa sababu albumini au seramu ikiwemo itainyonya rangi kabla haijafika kwenye seli. Baada ya muda ulioelekezwa, osha kwa bafa yenye protini. PI na 7-AAD, rangi za DNA zinazoingia seli zilizotoboka, hazifai hapa: ukishatoboa seli zote, zote zitaonekana zimekufa.

3. Ziba vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote) kwa dakika 10. Kwa seli za panya hutumika kingamwili dhidi ya CD16 na CD32. Kwa seli za binadamu, IgG ya binadamu au kizuizi maalumu. Kisha tia kingamwili za alama za juu ya seli ukizihitaji, kwenye barafu, dakika 20 hadi 30.

4. Osha, halafu gongagonga tyubu mpaka mashapo yaachane kabisa. Hapo ndipo uongeze PFA (formaldehaidi iliyotokana na paraformaldehaidi) ya 2 hadi 4%, dakika 10 hadi 15 kwenye joto la chumba. Mashapo yasipoachana, seli zitakazwa zikiwa zimeshikana, na hakuna pipeti itakayozitenganisha tena.

5. Osha mara mbili. Toboa kwa bafa uliyoichagua (tazama chini).

6. Ziba tena, safari hii ndani ya bafa ya kutobolea, kwa seramu au BSA (albumini ya ng'ombe). Seli iliyotobolewa imefunua maelfu ya protini ambazo uzibaji wa kwanza haukuzifikia.

7. Tia kingamwili ya kipokezi, dakika 30 hadi 60, gizani.

8. Osha mara mbili au tatu kwa bafa ya kutobolea, kisha mara moja kwa bafa ya kawaida. Soma ndani ya saa 24.

Formaldehaidi husababisha saratani, na methanoli ni sumu na huwaka haraka. Fanya kazi kwenye kabati la kunyonya hewa, vaa glavu, na kusanya taka zake kwenye chombo chake.

Kukaza seli: kiasi gani kinatosha?

Formaldehaidi huunganisha protini jirani, hasa kupitia laisini. Kama epitopi yako ina laisini, au iko karibu nayo, kingamwili inaweza kukosa mahali pa kushika. Hii ni sababu ya kawaida sana ya ishara kupotea, na dawa yake ni rahisi kuijaribu: gawa seli kwenye tyubu tatu, kaza moja kwa 1%, nyingine 2%, nyingine 4%, kwa dakika zilezile. Ishara ikishuka kadiri PFA inavyopanda, umeshapata mhalifu.

Kukaza kidogo mno nako kuna gharama. Protini zisizofungwa vizuri hutoka seli ikitobolewa, na seli zenyewe hupasuka kwenye sentrifuji.

Angalia pia ulichonacho kwenye chupa. Formalini ya kawaida huongezewa methanoli ili isigande, na methanoli hiyo hutoboa utando kidogo. Sampuli unayodhani haijatobolewa inaweza kuwa imetobolewa nusu. Kwa kazi ya kulinganisha vipokezi vya juu na vya ndani, tumia formaldehaidi isiyo na methanoli, iliyofunguliwa karibuni.

Kutoboa: hapa ndipo kazi nyingi hufaulu au kushindwa

Saponini (0.1 hadi 0.5%) hunasa kolesteroli kwenye utando na kufungua matundu. Ni laini, na epitopi nyingi huvumilia. Lakini matundu yake hujifunga saponini ikiondolewa, kwa hiyo lazima iwemo kwenye bafa ya kingamwili na kwenye bafa za kuoshea. Ukiosha kwa PBS tupu katikati ya kazi, kingamwili ambazo hazijashika kitu zinafungiwa ndani, na zinaonekana kama ishara. Kosa hili hutokea mara nyingi sana na hutoa mng'ao wa uongo unaovutia. Kwa kiini, saponini ni dhaifu.

Triton X-100 (0.1 hadi 0.3%, dakika 10 hadi 15) hutoboa kwa kudumu na hufika kwenye kiini. Ni nzuri kwa vipokezi vya homoni. Ubaya wake kwa vipokezi vya utando ni kwamba huyeyusha mafuta yanayovishikilia. Ukizidisha, kipokezi chenyewe kinaweza kuondoka, hasa kama kukaza kulikuwa hafifu. Tween-20 ni laini kuliko Triton.

Dijitonini kwa kipimo kidogo hutoboa utando wa seli wenye kolesteroli nyingi na kuacha tando nyingi za ndani zikiwa nzima. Ukitaka kujua kama mkia fulani unaelekea saitoplazimu au ndani ya kifuko, hiki ni chombo kizuri mno. Linganisha dijitonini na Triton kwenye seli zilezile. Ishara ikitokea kwa Triton tu, epitopi iko ndani ya kifuko au kwenye kiini.

Methanoli ya 90%, baridi kabisa, dakika 30 kwenye barafu baada ya PFA, hufungua kila kitu na huibua epitopi zilizofichika. Imiminie tone kwa tone huku ukitikisa tyubu, ama sivyo seli zitaganda madonge. Seli zikiwa ndani ya methanoli zinaweza kuhifadhiwa kwenye nyuzi −20. Lakini methanoli huharibu rangi ambazo zenyewe ni protini: PE, APC, PerCP, na tandemu (rangi mbili zilizounganishwa) zilizojengwa juu yake. GFP nayo hufifia sana. Kama umetia PE juu ya seli kabla ya methanoli, usishangae ikitoweka. Tumia Alexa Fluor 488, Alexa Fluor 647 au Pacific Blue kwa hatua za kabla, na ziache PE na APC zije baada ya methanoli kuoshwa yote.

Hakuna ishara

Usikimbilie kuongeza kingamwili. Kwanza thibitisha kwamba utoboaji umefanyika. Tyubu moja ipate kingamwili ya protini ambayo kila seli inayo na inayokaa mahali palepale na kipokezi chako: tubulini au GAPDH kwa saitoplazimu, histoni kwa kiini, LAMP-1 kwa lisosomu. Tyubu hiyo ikikataa, tatizo ni bafa. Ikikubali, tatizo ni kingamwili yako, epitopi yake, au kipokezi chenyewe hakipo.

Halafu tazama ukubwa wa rangi. IgG ina kilodaltoni 150 hivi. PE inaongeza 240 nyingine. Mzigo huo hupita kwa shida kwenye matundu madogo, na kiini ndicho huumia zaidi. Kubadilisha PE kwa rangi ndogo kama Alexa Fluor 647 kumeokoa majaribio mengi. Kwa upande mwingine, kama kipokezi ni kichache sana, rangi hafifu kama FITC haitakionyesha juu ya mng'ao wa asili wa seli. Hapo kingamwili ya pili inaweza kukuza ishara, kwa kuwa kadhaa hushika kwenye kingamwili moja ya kwanza.

Kama kloni inashika vizuri seli hai lakini inakataa zilizokazwa, jaribu kuitia kabla ya kukaza, kwa vile vipokezi vya juu. Kwa vya ndani huna budi kutafuta kloni nyingine au kupunguza PFA.

Brefeldini na monensini watu huziongeza kwa mazoea yaliyotoka kwenye kupima saitokini. Kwa vipokezi zinabadilisha kile hasa unachokipima: brefeldini huzuia protini mpya kutoka kwenye retikulamu ya endoplazimu na Golgi, hivyo kipokezi hurundikana ndani na kupungua juu. Usizitumie bila sababu.

Kila kitu kinang'aa

Seli zilizokufa ndizo za kwanza kushukiwa. Hushika kingamwili ovyo, na baada ya kukazwa huwezi kuzitambua kwa umbo tu. Ziondoe kwa geti (mpaka unaochora kwenye grafu kuchagua seli) la rangi uliyotia katika hatua ya 2, pamoja na geti la kuondoa seli pacha, yaani zilizoshikana.

Kisha kipimo cha kingamwili. Ndani ya seli kuna protini nyingi za kunata, na kipimo kilichofaa juu ya seli huwa kikubwa mno ndani. Anza na mikrogramu 1 katika mikrolita 100, punguza kwa nusu mara 6 hadi 8, na fanya hivyo kwenye seli zenye kipokezi na zisizo nacho, zote zikiwa zimekazwa na kutobolewa. Kwa kila kipimo, toa mediani ya seli zisizo nacho kwenye mediani ya zilizo nacho, kisha gawa kwa mara mbili ya mchepuko sanifu wa zisizo nacho. Kipimo chenye jibu kubwa zaidi ndicho chako. Mara nyingi kinakuwa chini ya kile kilichoandikwa kwenye chupa.

Kingamwili iliyobebeshwa FITC nyingi mno hushika ovyo ndani ya seli kwa sababu ya chaji yake. Iliyozeeka hutengeneza madonge, kwa hiyo izungushe kwa kasi kubwa kwa dakika chache kabla ya kuitumia, na uchukue maji ya juu tu. Kama unatumia biotini na streptavidini, kumbuka seli ina biotini yake, hasa kwenye mitokondria. Juu ya seli haikusumbui, ila ukitoboa inajitokeza. Kwa kazi ya ndani ningeepuka mfumo huo kabisa. Na kama kuna kingamwili ya pili, ziba kwa seramu ya mnyama aliyeitoa hiyo ya pili.

Kukaza kwenyewe huongeza mng'ao wa asili, hasa kwenye mifereji ya buluu na kijani. Hamishia kipokezi kwenye rangi nyekundu ya mbali kama seli zako, mfano makrofaji, zina mng'ao mwingi.

Sampuli linganishi zinazosema ukweli

Seli zisizotiwa rangi lazima zipitie PFA na utoboaji vilevile. FMO (tyubu yenye rangi zote isipokuwa moja) inakuonyesha geti lianzie wapi wakati rangi ni nyingi, lakini haisemi lolote kuhusu kushika ovyo. Aisotaipu (kingamwili ya aina ileile isiyo na lengo kwenye seli) inasaidia kidogo tu, kwa sababu ina mfuatano tofauti na kiasi tofauti cha rangi. Ndani ya seli tofauti hiyo hukua. Nisingejenga hitimisho juu ya aisotaipu pekee.

Ushahidi wenye nguvu unatoka kwenye seli zenyewe: seli zilizoondolewa jeni kwa CRISPR, zilizopunguziwa kwa siRNA, au laini ya seli isiyo na kipokezi, zikilinganishwa na zilizoongezewa. Mbinu nzuri ni kuchanganya seli zenye kipokezi na zisizo nacho kwenye tyubu moja, moja ikiwa imetiwa rangi ya utambulisho. Zote zinapata kingamwili, bafa na dakika zilezile, na tofauti itakayobaki ni ya kipokezi. Kama huna seli hizo, jaza kwanza kwa kingamwili ileile isiyo na rangi. Ishara isiposhuka, ilikuwa ya kushika ovyo. Ikishuka bado haijathibitisha kwamba lengo ni sahihi, ila umepunguza shaka.

Sampuli za kusahihisha mwingiliano wa rangi zipite PFA na methanoli pamoja na seli za jaribio. Tandemu kama PE-Cy7 na APC-Cy7 huvunjika zikikaa kwenye PFA au mwangani, na mwingiliano wake hubadilika.

Kutenganisha vya juu na vya ndani

Njia ya kwanza ni tyubu mbili: moja haijatobolewa (vya juu), nyingine imetobolewa (vyote). Ni rahisi, lakini usitoe namba moja kwenye nyingine ovyo, kwa sababu utoboaji hubadilisha mng'ao wa asili na ushikaji. Toa kwanza kila moja mng'ao wa sampuli linganishi yake.

Njia ya pili ni kuziba vya juu kwenye barafu kwa kingamwili ileile isiyo na rangi, kwa wingi, kabla ya kukaza. Kisha kaza, toboa, tia iliyo na rangi. Kinachong'aa ni cha ndani. Lazima iwepo tyubu iliyozibwa lakini haikutobolewa. Ikitoa ishara, uzibaji haujatimia na namba zako za ndani zimevimba.

Seli zinapotea, umbo linabadilika

Seli zilizokazwa huelea zaidi. Kama 300 hadi 400 g ilitosha kabla, panda hadi 500 au 600 g baada ya kukaza, na mwaga maji kwa uangalifu. Methanoli hupunguza ukubwa wa seli, hivyo geti la umbo lililochorwa kwa seli hai halitafaa. Lichore upya.

Kingamwili zote zikikataa

Inatokea, hasa kwa GPCR. Njia inayobaki ni kuweka lebo fupi kama HA au FLAG kwenye kipokezi chenyewe na kutumia kingamwili ya lebo, ambayo ubora wake unajulikana. Lebo kwenye N inakupa vya juu bila kutoboa na vyote baada ya kutoboa. Lebo kwenye C inaweza kuvuruga muungano na arestini (protini inayosaidia kipokezi kumezwa), kwa hiyo hakikisha kipokezi bado kinamezwa kama kawaida. Na kama kipokezi kina mfuatano wa ishara (kipande cha mwanzo kinachoielekeza protini kwenye utando) unaokatwa, weka lebo ya N baada ya mahali pa kukatwa, la sivyo itaondoka pamoja nao.